Fasaha ni maziwa au povu?

Asubuhi moja Ngamiani, hapa Tanga, bibi aliyenitangulia kwa muuza maziwa alikataa kupokea chupa yake. Kipimo kilikuwa kimejaa povu hadi ukingoni. "Subiri lishuke, mwanangu, niyaone maziwa yenyewe." Kijana akasubiri, kisha akaongeza.

Tangu siku hiyo kila nikisikia neno fasaha namkumbuka bibi yule. Neno tumelitoa Kiarabuni, na zamani kitenzi chake kilisemwa pia juu ya maziwa yaliyotokwa na povu yakabaki safi. Likatumika na kwa ulimi. Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 34, Nabii Musa anasema nduguye Harun ana ulimi fasaha kuliko yeye, na anamwombea awe msaidizi wake mbele ya Firauni. Haja yake ilikuwa ujumbe ufike.

Kwetu, "Kiswahili fasaha" kimekuwa jina jingine la Kiswahili sanifu. Mvuvi wa Tongoni anaweza kueleza kwa Kimtang'ata, lahaja ya huko kwao, jinsi upepo ulivyogeuka, wenzake wakamwelewa neno kwa neno, bado akaambiwa hana ufasaha. Linaniuma hilo, maana usanifu wenyewe ni uamuzi wa watu: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioteua Kiunguja kuwa msingi wake.

Hata hivyo, wanaotetea matumizi haya wana hoja nzito. Maana ya neno huamuliwa na wanaolisema leo. Fasihi, ndugu wa fasaha, kwetu ni sanaa ya lugha, ilhali Waarabu sanaa hiyo huiita adab, na hakuna anayetulaumu. Nao pia Kiarabu chao cha kanuni hukiita al-fus-ha, kwa mzizi huohuo. Isitoshe, sentensi iliyovurugika ngeli humkwaza msikilizaji. Usahihi nao hung'arisha kauli, na hapo nawaunga mkono.

Ninapoachana nao ni pale ufasaha unapogeuzwa kuwa urundikaji wa maneno mazito. Wanazuoni wa balagha, yaani elimu ya Waarabu ya usemaji mzuri, walitaja kasoro zinazoharibu ufasaha wa neno, na mojawapo ni gharaba, yaani ugeni wa neno lisilozoeleka. Basi anayechokonoa msamiati wa Kiarabu ili aonekane fasaha anapungukiwa kwa kipimo cha Waarabu wenyewe. Na balagha (mzizi wake ndio uliotupa kubalehe) asili yake ni kufika.

Nilihudhuria posa Chumbageni. Mshenga alimwaga maneno makubwa robo saa nzima, na upande wa binti wakabaki kutazamana, hawajui kama mahari imeshatajwa. Shangazi mtu akauliza kwa upole, "Baba, mmesemaje?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Tumekuja kumposa binti yenu. Mahari tajeni ninyi."

Kule uani kina mama wakapiga vigelegele.