Mazishi mawili ya Nat Nakasa

Nat Nakasa, mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, alizikwa mara mbili. Mwaka 1965 alizikwa katika makaburi ya Ferncliff, nje kidogo ya jiji la New York, na tarehe 13 Septemba 2014 akazikwa tena Chesterville, Durban, baada ya mahakama ya New York kuruhusu kaburi lake lifukuliwe na mabaki yake yasafirishwe hadi Afrika Kusini. Mwandishi wa Kiafrika anapofia uhamishoni na swali la wapi azikwe likazuka, safari hiyo yaweza kutajwa kama mfano wa kuigwa, au kama tamasha la wanasiasa.

Wanaoiona kuwa tamasha hawana hoja nyepesi. Husema kwamba mwandishi huishi katika maandishi yake wala si katika mifupa, kwamba fedha za umma zingewafaa zaidi waandishi walio hai, na kwamba dola hupenda kumkumbatia mwandishi ambaye hawezi tena kuikosoa. Hoja hii ya mwisho ni nzito, nami sioni namna ya kuikanusha. Lakini zote tatu zinapita kando ya karatasi ambayo Nakasa aliondoka nayo.

Mwaka 1964 alipata ufadhili wa wanahabari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilimnyima pasipoti, ikampa kibali cha kutoka tu: aliyekitumia alipoteza uraia wake, na akirudi alikuwa mkosaji wa kufungwa. Mtu aliyeandika katika jarida la Drum, akaanzisha jarida la fasihi la The Classic na kupewa safu katika gazeti la Rand Daily Mail, alifutiwa kwao kwa muhuri mmoja. Twasema mkataa kwao ni mtumwa. Nakasa hakukataa kwao, alikataliwa. Tarehe 14 Julai 1965, akiwa na umri wa miaka 28, alianguka kutoka dirisha la jengo refu jijini New York, akafa, akazikwa huko huko. Kaburi lilikaa takriban miaka 30 bila jiwe lenye jina lake, na mwili ukakaa ugenini miaka 49, ambayo ni miaka 21 zaidi ya aliyoishi duniani. Kibali kile kiliendelea kumtawala hata maiti. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba marehemu hakuulizwa kama anataka kurudi, najiuliza ni lini aliulizwa kama anataka kubaki.

Si kila kaburi la mhamishwa linadai kufukuliwa. Bessie Head, mwandishi wa riwaya wa Afrika Kusini, alizaliwa mwaka 1937, kama Nakasa, na mwaka 1964, kama yeye, aliondoka Afrika Kusini kwa kibali cha aina ile ile. Aliishia Serowe, Botswana, akakaa miaka 15 bila uraia, akaupata mwaka 1979, na humo kijijini, ambamo aliandika vitabu vyake vikuu, akafa mwaka 1986 na kuzikwa. Maisha yake ya Serowe hayakuwa mepesi, lakini alikuwa amekifanya kijiji kile kuwa chake kwa kazi na kwa kalamu. Nakasa hakupata muda wa kufanya hivyo popote. Marekani hakutimiza hata mwaka mmoja.

Wakosoaji, kwa maoni yangu, wangeuliza swali kali zaidi kuliko lile la gharama. Utawala wa ubaguzi ulianguka mwaka 1994, na vibali vile vikawa karatasi tupu. Serikali mpya, iliyokuwa na viongozi wengi walioonja uhamisho wenyewe, ilichukua miaka 20 mingine kabla ya kumfikisha Nakasa Durban. Walioagana naye mwaka 1964 na kutamani kumzika walizidi kupungua miaka hiyo yote.