Waacheni Watoto na 6174 Yao

Juzi barazani kwetu Wete, Pemba, kijana wa kidato cha pili alikuwa anatuonesha video ya hesabu kwenye simu. Mtu mzima mmoja, tena tunayemheshimu, akamkata kauli: "Hayo yanakuja kwenye mtihani?" Kijana akazima simu, akaitia mfukoni, mazungumzo yakarudi kwenye mpira. Kahawa yangu sikuimaliza. Nina hasira mpaka leo.

Tena alichokatizwa kilikuwa kitamu! Chukua namba ya tarakimu nne, mradi zisiwe nne zinazofanana. Zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha zigeuze, halafu toa namba ndogo katika kubwa. Jibu ulifanyie vivyo hivyo, na sifuri ikitokea usiiache njiani. Tuanze na 1964, mwaka ambao hapa kwetu hauna haja ya maelezo. 9641 kutoa 1469 ni 8172. 8721 kutoa 1278 ni 7443. Endelea: 3996, 6264, 4176, kisha 6174. Na 6174 yenyewe? 7641 kutoa 1467 ni 6174. Imenasa hapo. Jaribu na mwaka wako wa kuzaliwa. Utafika pale pale, na hatua hazitazidi saba.

Aliyeligundua hili ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa skuli katika mji wa Devlali, India. Mwaka ulikuwa 1949. Hakuwa profesa, na wanahisabati wengi wa kwao waliyaona mambo yake ni ya kitoto. Jina lake lilienea duniani baada ya mwandishi wa Marekani, Martin Gardner, kumwandika mwaka 1975 katika safu yake ya michezo ya hisabati, kwenye jarida la Scientific American. Safu ya michezo, naomba mlione hilo. Mwalimu wa watoto alicheza na namba kwa sababu alizipenda, na leo kijana wa Pemba anazicheza baada yake.

Wanaouliza habari za mtihani hawajakaa na mtoto aliyetoka kuiona 6174 kwa mara ya kwanza. Swali lake la kwanza ni: kwa nini hii, isiwe nyengine? Halafu anaanza kuchimba mwenyewe. Jumlisha tarakimu za 8172, unapata 18. Za 7443, 18 tena. Za 3996, 27. Kila jibu linagawanyika kwa tisa! Kwa nini? Kwa sababu namba mbili zenye tarakimu zile zile, hata ukizipanga vipi, zikigawanywa kwa tisa hubakisha baki lile lile, kwa hiyo ukitoa moja katika nyengine baki linakufa. Mtoto akifika hapo kwa miguu yake, ameshaonja uthibitisho, na hakuna aliyemshikia bakora. Sisi skuli tulikaririshwa majibu ya maswali ambayo hatukuwahi kuyauliza.

Na si watoto tu. Shangazi yangu, fundi wa kusuka ukili, aliiona video ya utepe wa Möbius: karatasi ndefu unaipinda nusu mzunguko, halafu unaunganisha ncha. Kiingereza hakijui. Alitazama mikono. Akachukua karatasi na gundi, akautengeneza, akaukata katikati kwa urefu, akapata pete moja ndefu badala ya mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nikikata theluthi ya upana?" Akatengeneza mwengine, akakata. Zikatoka pete mbili zilizoshikana, moja ndefu mara mbili ya mwenzake. Swali lile la theluthi lilikuwa lake, na ndilo swali ambalo mwanahisabati angeuliza.

Bando ni ghali, hilo sibishi. Na mtu anaweza kutazama video usiku kucha bila kushika kalamu. Huyo, nakubali shingo upande, hajajifunza mengi. Lakini basi mpeni kalamu, msimzimie simu.

Wala msiniambie mchezo wa akili ni mambo ya kigeni. Bibi zetu walitutegea chui, mbuzi na majani, na mashua isiyobeba zaidi ya kimoja kwa safari. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wanaopiga hesabu za mitaji humo hawajaulizwa hata siku moja kama linakuja kwenye mtihani.

Kinachoniuma ni lugha. Video hizi nyingi ni za Kiingereza. Numberphile, chaneli ya hisabati ya YouTube, wanatumia karatasi ya kaki na kalamu nene, basi. Hakuna kifaa hapo ambacho Wete au Mkoani hakipatikani. Nawaomba walimu wetu wa hisabati, hasa nyinyi vijana: rekodini kwa Kiswahili chetu. Anzeni na 6174, anzeni na bao, anzeni na theluthi ya shangazi yangu. Mimi nitatazama zote, na nitazipeleka barazani mwenyewe.