Anayeupanga mji wa Mbeya ni dalali

Ukitaka kumwona anayeupanga mji wa Mbeya akiwa kazini, usihangaike kupanda ngazi za ofisi ya halmashauri. Nenda pembezoni, upande wa Nsalaga au Igawilo, kule ambako mahindi na nyumba bado vinagombania ardhi, ukaangalie shamba linavyokatwa viwanja. Mwenye shamba amesimama pembeni na wanawe. Dalali ndiye anayetembea: hatua ishirini kwenda mbele, hatua ishirini kwenda kulia, anachomeka kijiti, anafunga kipande cha kiroba juu yake, anaendelea. (Ushauri wa bure kwa wanunuzi: tafuteni dalali mwenye miguu mirefu.) Kisha mnaingia ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi ya mauziano inaandikwa kwa mkono, mashahidi wa pande zote mbili wanasaini, mwenyekiti anagonga muhuri, na asilimia kumi ya bei, ambayo ni ya mtaa, inatolewa bila mtu kuuliza iko kwenye sheria gani. Mipaka imetajwa vizuri: kaskazini jirani fulani, kusini mfereji, mashariki mkaratusi, magharibi njia. Upana wa hiyo njia haujaandikwa. Muuzaji anajua kwamba kila hatua anayoiachia njia ni hatua ambayo hakuuza.

Basi hapo mji umeshapangwa. Hakuna diwani aliyenyoosha mkono, hakuna mchoro uliobandikwa ukutani, lakini karatasi ile ndiyo itakayoamua kama gari la zimamoto litafika, kama nguzo ya umeme itasimama kando ya barabara au ndani ya ua wa mtu, na kama jeneza litatoka nyumbani kwa gari au mabegani mwa vijana.

Simaanishi kwamba hatuna mipango. Tunayo, na sheria zake tunazo. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, inazifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6, ambayo ndiyo msingi wa mipango ya vijiji. Juu kabisa mjini kuna mpango kabambe, unaotazama miaka kama ishirini mbele, na chini yake michoro ya kina inayoonyesha kiwanja kwa kiwanja. Ramani ya mpango kabambe ni kitu kizuri kukitazama. Makazi yana rangi yake, viwanda vina rangi yake, na maeneo ya wazi yamepakwa kijani kinachopendeza macho. Shida ni kwamba kijani kile kimeangukia shamba la mtu ambaye hakuna aliyemfuata. Kwake yeye hakuna kilichobadilika. Ada ya shule ya Januari iko palepale, na mnunuzi amekuja na fedha taslimu.

Tena watu wanakuja kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Nyongeza peke yake, zaidi ya watu 156,000, inawazidi wakazi wote wa Manispaa ya Iringa waliohesabiwa mwaka 2012, ambao walikuwa 151,345. Yaani ndani ya miaka kumi tumeipokea Iringa nzima ya wakati ule, na hakuna aliyeiuliza italala wapi.

Jibu lingine limetolewa na milima. Kaskazini kuna Mlima Loleza, na chini zinapita barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA, zote za kwenda Zambia, kwa hiyo mji umejinyoosha kuzifuata: Uyole, Sae, Mafiati, Iyunga, Iwambi, na sasa unaigusa Mbalizi. Kila mtu anataka kukaa karibu na lami. Matokeo yake tumeyaona barabara kuu inapotaka kupanuka. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa kando yake, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejikuta ndani ya zile mita saba na nusu za nyongeza anapigwa X ya kijani, maana yake asubiri fidia. Aliyemo ndani ya zile za zamani anapigwa X nyekundu, abomoe kwa gharama zake. Nadhani hizo rangi mbili za X ndizo elimu ya mipango miji iliyowafikia wananchi wengi zaidi kuliko semina zote za halmashauri.

Wanaokosa nafasi chini wanapanda juu. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka na tope likafukia nyumba na kuingia hadi shuleni kule Itezi. Mlima ule haukuhamia pale mwaka huo. Mteremko unaonekana kwa macho, na anayejenga chini yake si mjinga: amenunua kiwanja anachokimudu, mahali ambapo hakuna aliyemwambia hapana. Mtu wa kusema hapana alitakiwa awepo siku ile ya vijiti na viroba, si siku ya kugawa mablanketi.

Sasa tunaambiwa dawa ni urasimishaji. Wakazi wanachangishana, kampuni ya upimaji inakuja, bikoni (zile alama za mipaka) zinapandwa, mtu anapata namba ya kiwanja na baadaye hati. Siupingi. Mwenye hati analala usingizi tofauti na mwenye karatasi ya mauziano, na benki nayo inamwangalia kwa jicho lingine. Ila urasimishaji unapima kilichopo. Hauwezi kuzaa barabara ya mita kumi katikati ya kuta mbili zilizoachana mita mbili, mpaka mtu abomoe choo chake au jiko lake. Kwenye mtaa mmoja ninaoufahamu, majirani walikaa vikao jioni baada ya jioni wakibishana nani arudishe ukuta nyuma, na kila mmoja alikuwa na karatasi yenye muhuri uleule wa mwenyekiti yuleyule. Nani alikuwa na haki? Wote. Na ukishamaliza barabara, shule itakaa wapi? Soko je? Makaburi? Sehemu hizo hazirasimishwi, kwa sababu hazikuwahi kuachwa.

Twende vijijini kidogo, maana huko, kwa maoni yangu, wametuzidi watu wa mjini. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji hauanzi na ramani yenye rangi. Wataalamu wa wilaya wanakuja, kijiji kinachagua kamati yake yenye wanaume na wanawake, wanazunguka mipaka kwa miguu, wanachora ardhini kwa fimbo na majivu: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa chanzo cha maji, hapa akiba ya watoto. Halafu mkutano mkuu wa kijiji unakubali au unakataa. Katika Wilaya ya Iringa, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, mradi uliofadhiliwa na Marekani uliwafundisha vijana wa vijijini kupima mashamba kwa simu za mkononi. Kijana anatembea na mwenye shamba pamoja na majirani wote wa mpakani, kila kona wanakubaliana, simu inachukua alama, na mwisho wake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Ukitazama vizuri, ni kutembea kulekule anakotembea dalali. Ila hapa majirani wapo, na alama inabaki mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuisoma.

Vijijini nako kuna mipango inayokufa siku ya kuzaliwa. Mfano ni mabonde ya vinyungu, yale mashamba madogo ya bondeni yanayolimwa kiangazi. Mtu wa Iringa au Njombe hahitaji kuelezwa kinyungu ni nini: ndicho kinachompa mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mlimani kumekauka. Kwa upande mwingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hoja ya sheria ni nzuri, maji lazima yalindwe. Lakini ukichukua ramani ukapaka bonde zima kijani bila kusema familia hizo zitakula nini Septemba, umeandika katazo, na katazo likikosa mtu wa kulisimamia usiku linageuka kuwa mradi wa faini.

Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ni hayohayo, kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa bondeni. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na vijiji vya Mbarali vikaishi na mgogoro wa mpaka kwa zaidi ya miaka kumi. Sababu ilikuwa ya kweli: tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na maji hayo yanategemewa na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mstari ulichorwa kwa ajili ya maji, lakini ulichorwa juu ya watu ambao tayari walikuwa wanalima mpunga na kusoma shule pale. Hoja sahihi ikapoteza miaka kwa sababu ya namna ilivyoletwa.

Wenzetu wa Kenya walijaribu kulibana jambo hili kwa upande wa fedha. Sheria yao ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mpango, na kila kaunti, kati ya zile 47, inatakiwa iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Sisemi kaunti zimegeuka pepo. Lakini wazo la kwamba huwezi kupeleka greda mahali ambapo mpango wako mwenyewe hauna barabara, hilo ningelipenda hapa kwetu.

Mimi ninachotaka ni kidogo kuliko mpango kabambe. Barabara kwanza. Halmashauri itangulie kufika pembezoni kabla shamba halijauzwa, na ichore vitu vichache tu: barabara, mitaro ya maji, na sehemu mbili tatu za umma kwa kila mtaa. Zipandwe bikoni. Baada ya hapo dalali aendelee na hatua zake, simzuii, biashara ni yake. Sharti liwe moja: mwenyekiti asigonge muhuri kwenye kiwanja kinachokanyaga bikoni ya barabara.

Najua jibu litakalotoka ofisini: fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na halmashauri hazina fedha hizo. Ni kweli, na ndiyo maana maeneo hutangazwa kwamba yameiva kwa mipango miji halafu yakaachwa yaoze. Lakini mwenye ekari tano hahitaji kulipwa ili aache barabara. Anahitaji kuonyeshwa hesabu. Kiwanja ambacho gari linafika kinauzwa bei ambayo kiwanja cha uchochoroni hakiioni hata kwa ndoto, na madalali wenyewe ndivyo wanavyotangaza: gari linafika, umeme upo jirani. Akiacha sehemu ya shamba kwa barabara, kilichobaki kinamrudishia.

Pagumu ni kwa mwenye robo ekari, ambaye barabara ikipita inammaliza. Huyo hawezi kuambiwa habari za thamani kupanda, kwa sababu hana kipande kitakachobaki. Lazima alipwe, na ninaona fedha zipo: ile asilimia kumi. Kama tumekubali kuilipa miaka yote hii bila kuuliza, basi iandikiwe sheria ndogo, itolewe kwa risiti, na kazi yake iwe moja tu, kuwafidia walioangukiwa na barabara ambayo jirani zao wananufaika nayo. Hesabu zisomwe kwenye mkutano wa mtaa. Kuna wenyeviti hawatalipenda hili. Tuanze na wanaolipenda.

Jibu la pili litakuwa wapima hawatoshi. Hapo Iringa imeshatuonyesha njia. Vijana wenye simu wanaweza kuweka alama za katikati ya barabara mtaa mzima kwa muda mfupi, na mpima aliyesajiliwa akaja kuhakiki na kupanda bikoni, badala ya kungojwa aanze kila kitu mwenyewe.

Lipo moja ambalo simu haitalimaliza. Uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwishoni mwa 2012, tunauita wa Mbeya, lakini hauko ndani ya Jiji, uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Mbalizi nayo ni mji mdogo wa halmashauri hiyohiyo. Mtu analala Mbalizi, anauza nguo soko la Mwanjelwa jijini, mtoto wake anasoma Iyunga, na katika siku yake moja amepita chini ya mabaraza mawili ya madiwani ambayo kila moja lina michoro yake. Sekretarieti ya Mkoa iko juu yao, lakini kazi yake kubwa ni kushauri. Nyumba zinazojengwa kati ya Iwambi na Mbalizi hazisubiri ushauri. Mabaraza hayo yakae siku moja mbele ya ramani moja, yakubaliane juu ya barabara zinazovuka mpaka: zinaanzia wapi, zinaishia wapi, zina upana gani. Mengine yote wanaweza kuendelea kubishana.