Maktaba za Kushirikiwa na Nakala za Ndani: Njia Panda ya Debian

Debian, mfumo endeshi wa programu huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, umeshikilia kwa muda mrefu kanuni moja kuhusu programu zinazoandikwa na watu wa nje: maktaba ya msimbo (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine) inayohitajiwa na programu nyingi ifungashwe mara moja tu, nazo programu zote ziitegemee hiyo hiyo, badala ya kila moja kubeba nakala yake. Kanuni hiyo sasa inaelemewa na lugha za kuandikia programu za Go na Rust, ambamo programu moja yaweza kutegemea mamia ya maktaba ndogondogo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Udhaifu wa Heartbleed, kasoro ya usalama katika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, ulipotangazwa Aprili 2014, msimamizi wa seva inayotumia Debian alisasisha maktaba hiyo na kuwasha upya huduma zinazoitumia, na programu nyingi zikapona kwa pamoja. Kama kila programu ingekuwa na nakala yake, timu ya usalama ingelazimika kwanza kuzisaka nakala hizo. Isitoshe, maktaba inayoshirikiwa hupakuliwa mara moja, na hilo si dogo kwa anayenunua intaneti kwa bando.

Upande wa pili ulisikika waziwazi katika mzozo wa Kubernetes (programu ya kusimamia programu nyingine kwenye seva nyingi), uliopelekwa mbele ya Kamati ya Kiufundi ya Debian mwaka 2020. Msimamizi wa kifurushi chake, yaani umbo ambalo Debian huisambaza programu hiyo, aliziacha ndani yake nakala za maktaba nyingi za Go, kama zilivyowekwa na waandishi wenyewe, na Kamati ikakataa kuutengua uamuzi wake. Naona Kamati ilifanya haki. Kuzitenganisha maktaba zote hizo ni kazi kubwa kwa watu wanaojitolea, na mara nyingi huishia kuiunganisha programu na matoleo ambayo waandishi wake hawakuyajaribu kamwe.

Zaidi ya hayo, kwa Go na Rust utenganishaji hautoi kinga ile iliyoonekana mwaka 2014. Hata maktaba ikifungashwa peke yake, msimbo wake huingizwa ndani ya programu wakati wa kuijenga, yaani msimbo unapogeuzwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa, kwa hiyo kurekebisha maktaba hakuiponyi programu hadi ijengwe upya. Maelezo ya toleo la Debian 11 yalikiri kwamba miundombinu ya mradi ilikuwa na matatizo ya kujenga upya vifurushi vya aina hiyo kwa wingi. Kinachomlinda mtumiaji hapa, basi, ni kujua nani amebeba nini, na uwezo wa kujenga upya haraka.

Kwa sababu hiyo, ningeiacha kanuni ibane kama ilivyo kwa maktaba za lugha ya C, kama OpenSSL na zlib, ambako kushirikiana kunafanya kazi, na kuilegeza kwa Go na Rust kwa masharti mawili: kila nakala iorodheshwe pamoja na toleo lake kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuisoma, na mitambo ya Debian iweze kujenga upya kwa mkupuo vifurushi vyote vilivyoathirika. Sharti la kwanza si gumu, kwa kuwa faili za go.mod (kwa Go) na Cargo.lock (kwa Rust), zinazotaja maktaba ambazo programu inazitegemea, tayari zinabeba taarifa nyingi za aina hiyo. La pili linadai fedha, seva na watu, na ndipo juhudi zingepaswa kuelekezwa kwanza. Ukaguzi wa leseni utabaki palepale, maana nakala iliyofichwa ndani ya kifurushi ina leseni yake kama maktaba nyingine yoyote, na sioni njia halali ya kuukwepa.