Neno "ghasia za rangi" halitutoshi

Assalamu alaykum. Makala yenu imeyaita mauaji ya Juni 1961 hapa Unguja "ghasia za rangi". Naomba tulipime neno hilo.

Kwanza, rangi. Mwarabu wa shamba na jirani yake Mshirazi (mwenyeji wa visiwani anayejihesabu wa asili ya Uajemi) aghlabu huwatenganishi kwa ngozi; wazee wetu walisema ukabila, na ulichochewa majukwaani. Uchaguzi wa Januari ulikuwa umekwama, ukarudiwa tarehe 1 Juni, na siku hiyohiyo vituoni ndipo watu walipoanza kupigana. Kuna siasa mle ndani, neno "rangi" linaifuta.

Pili, ghasia. Walikufa watu 68, wengi mno wao Waarabu, na wengi waliuawa huko mashamba. Ghasia ni fujo za wote kwa wote. Kule Tulsa, Marekani, mwaka 1921 mtaa wa Weusi wa Greenwood ulichomwa, na Wamarekani kwa miaka mingi wakayaita ghasia. Leo wanasema mauaji ya halaiki.

Vita vya Ng'ombe vya 1951 pale Kiembe Samaki, wakulima dhidi ya serikali ya mkoloni, hizo ziiteni ghasia. Za 1961 ziandikeni mauaji, tafadhali. Kuna watu mitaani kwetu walioachwa mayatima mwaka ule.