Tusi Likitwaliwa, Mwenyewe Ni Aliyetukanwa

Kundi la watu linapotukanwa kwa miaka mingi, kisha likalitwaa tusi lile lile na kulifanya jina lake, wapo wanaosema kwamba watu hao wamejidhalilisha wenyewe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tusi huuma pale anayetukanwa anapoona haya. Akijitaja kwa jina hilo bila kuinamisha uso, mtukanaji hubaki mikono mitupu.

Mwezi wa Aprili 1566, mamia ya makabaila walifika Brussels mbele ya Margaret wa Parma, aliyetawala Uholanzi na majirani zake kwa niaba ya mfalme wa Hispania, wakamwomba alegeze mateso dhidi ya Waprotestanti. Inasimuliwa kwamba mshauri wake mmoja, alipomwona amefadhaika, alimuuliza iweje awaogope ombaomba wale. Wenyewe walilipokea jina hilo karamuni, wakanyanyua vikombe na kulishangilia, kisha wakaanza kuvaa nishani zake pamoja na vibakuli vidogo vya kuombea. Mwaka 1572, wapiganaji walioitwa Ombaomba wa Baharini waliuteka mji wa Brielle, na kejeli ya baraza la watawala ikawa jina la jeshi.

Naomba msomaji atazame kilichofuata baada ya karamu ile, kwa maana kujiita peke yake hakutoshi. Gazeti la Daily Mail lilipobuni neno "suffragette" mwaka 1906, lilikusudia kuwadunisha wanawake wa Uingereza waliodai kura kwa ukali. Chama chao, kilichoongozwa na Emmeline Pankhurst, kililikumbatia neno hilo hadi kulifanya jina la gazeti lake mwaka 1912. Wakati huohuo, wanawake hao walikuwa wakifungwa jela, wakigoma kula na kulishwa kwa nguvu kwa mipira iliyopitishwa puani au kooni. Heshima ya jina lile ilitokana na waliyoyavumilia wakiwa nalo.

Wala si lazima kila mwana kundi akubali. Mwaka 1990, wanaharakati wa New York walianzisha Queer Nation, wakajitangaza kwa neno "queer", ambalo wapenzi wa jinsia moja walikuwa wametukanwa nalo kwa miongo mingi. Baadhi ya wazee wao hawakuweza kulitamka, kwa sababu walikuwa wamelisikia wakati wakipigwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kijana hana haki ya kumwambia mzee wake kwamba kidonda kimekwisha kupona.

Basi ikiwa hata ndani ya kundi ruhusa haipatikani kwa urahisi, mtu wa nje ataitoa wapi? Hoja ya kwamba "mbona wenyewe wanaitana hivyo" naiona dhaifu sana, maana neno hubeba historia ya anayelisema na ya anayeambiwa, na mtu wa nje hawezi kuivua historia hiyo kwa kudai kwamba anatania.

Sheria haioni tofauti hii. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba The Slants, bendi ya Wamarekani wenye asili ya Asia iliyojipa kwa makusudi tusi linalodhihaki macho yao, isinyimwe usajili wa jina lake kama alama ya biashara. Niliufurahia uamuzi huo kwa ajili yao. Hata hivyo, uamuzi uleule uliinusuru pia timu ya kandanda ya Kimarekani ya Washington, iliyokuwa imefutiwa usajili wa jina linalowataja wenyeji asilia wa nchi hiyo kwa rangi ya ngozi. Bendi ilikuwa imelichagua tusi lake yenyewe, ilhali jina la timu lilichaguliwa na wengine na kuuzwa kwenye fulana na kofia. Timu ililiacha mwaka 2020, baada ya wadhamini kuishinikiza, ingawa baadhi ya wenyeji hao walikuwa wamelipinga kwa miongo kadhaa.