Hapakuwa na Mbwa wa Polisi

Naona habari ya daladala iliyonipeleka kituo cha polisi imenitangulia. Jamaa yangu wa kijiwe cha kahawa cha Barabara ya 13 ameshaimwaga kwenye magrupu, na kila akiisimulia askari wanaongezeka. Ya leo asubuhi ina mbwa wa polisi. Hapakuwa na mbwa. Wala hakuna abiria aliyerukia dirishani. Mlango uliwatosha wote. Kaeni niwape yenyewe.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba kabla sijarudi Tanga nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la bunduki za kuwindia kule Kentucky. Mnajua pia kwamba shemeji yangu yuko Louisville na hanunui hata kijiko bila kunipigia simu. Safari hii kataka bunduki ya kuwindia kindi, maana msimu wao kule hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti na yeye huanza mambo siku ya mwisho. Kapiga akiwa dukani tayari. Kwao asubuhi, kwetu jioni, mimi niko siti ya nyuma ya daladala natoka Pongwe kwenda mjini, hedifoni zimeziba masikio yote mawili. Mtu wa hedifoni hajui anavyopayuka. Anadhani ananong'ona.

Na jingine mlishike kabla hamjacheka: kindi alitajwa na shemeji peke yake. Mimi nilikuwa nasema "hao" na "wale".

Nikaanza kistaarabu. "Chukua pointi ishirini na mbili, shem. Haina teke, na risasi zake rahisi." Kweli tupu. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887, kichwa chake cha kawaida kina greni 40, yaani gramu 2.6, na hadi leo hakuna inayoishinda kwa mtu anayetaka kupiga sana kwa hela kidogo. Mzee wa siti ya mbele yangu akageuka, akanitazama, akarudisha uso mbele. Nikadhani anapenda mambo ya bunduki.

Shemeji akasema muuzaji anamsukumia .17 HMR, risasi nyembamba kuliko .22, kwa sababu ina kasi. Hapo damu ya kaunta ikanipanda. "Achana nayo! Hiyo inachanachana. Ukimpata kifuani hutatambua kilichobaki." Kitu cha greni 17 kinachotoka na futi 2,550 kwa sekunde, unampiga nacho mnyama wa nusu kilo, utakula nini? Bi mkubwa niliyekaa naye alikuwa na kapu la machungwa mapajani. Akalishusha taratibu, akaliweka katikati yetu.

Tukaingia kwenye bunduki zenyewe. Yeye macho yake kwenye Ruger 10/22, kama kila mtu. Si bunduki mbaya. Imetengenezwa tangu 1964, inajikoki yenyewe, na magazini yake ya kuzunguka ya risasi 10 haikwami ovyo. Lakini ukiitoa dukani ilivyo, bila kubadilisha mtutu wala kifyatulio, kwa shabaha huwa inaachwa na Savage Mark II ya kukoki kwa mkono, na bei hazipishani sana. Mark II ina kifyatulio unachoweza kukilegeza mwenyewe, na hapo ndipo siri ilipo. Kifyatulio kizito hukufanya uvute bunduki yote pembeni bila kujua. CZ 457 ya Wacheki ni nzuri kuliko zote mbili, ila bei yake inakaribia mara mbili ya Mark II, na mimi kwa kindi sioni sababu.

Maelezo yote hayo niliyatoa. Gari likasikia hivi: "Usijali kumiminia risasi kumi. Moja, ya kwanza, imalize kazi."

Hapo redio ikazimwa. Ilikuwa inapiga taarabu. Nikashukuru moyoni, dereva muungwana, kanipunguzia kelele.

"Na risasi nunua zile za polepole," nikaendelea. "Hazilii sana. Ukimwangusha mmoja wenzake wanatulia, unamchukua wa pili." Ndivyo ilivyo. Sauti husafiri kama futi 1,125 kwa sekunde. Risasi ya kawaida ya CCI Standard Velocity hutoka na futi 1,070, chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo ule mlio wa kupasua hewa haupo. Faida kubwa zaidi ni shabaha. Risasi ya kasi huvuka mpaka wa sauti ikiwa njiani, ikishuka kurudi chini yake huyumbishwa, na kwa umbali wa yadi 50 utaiona kwenye karatasi. Nikamwambia anunue boksi za watengenezaji mbalimbali, aegemeze bunduki kwenye mfuko wa mchanga, apige tanotano kwa kila aina, kwa sababu kila mtutu una risasi unayoipenda, na hata bunduki mbili za chapa moja hazikubaliani.

"Kichwani tu, shem. Mwili usiuguse, nyama inaharibika."

Konda aliacha kudai nauli. Alikuwa amefika siti ya mbele yangu, mkono umenyooka, noti zimepangwa vidoleni, akaurudisha mkono kifuani na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni. Konda wa Tanga. Kuacha hela. Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua.

Shemeji anauliza akimwona juu ya tawi afanyeje. Hili silifanyii mzaha na mtu yeyote, nikapandisha sauti. "Usipige akiwa na mbingu nyuma yake! Subiri agandame kwenye shina!" Risasi hii ndogo inayodharauliwa inaweza kuruka zaidi ya maili moja, na ukiipeleka angani huchagui itakapotua. Shina ndilo ukuta wako. "Kaa chini ya mti alfajiri, tulia, usicheze hata mguu. Watasahau kama upo, watatoka wenyewe. Na wasizidi sita kwa siku. Sheria inaruhusu sita."

Nikaona midomo ya bi mkubwa inacheza. Nikatoa hedifoni ya upande wake.

"Sheria ipi hiyo, mwanangu?"

"Ya Kentucky, mama."

Akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Daladala ikakata kona ambayo si ya njia yake. Nikadhani dereva anakwepa foleni. Ikaingia kwenye ua wenye bendera na pikipiki zimepangwa, ikasimama, mlango ukafunguka, na watu wakashuka kwa namna ambayo sijaona tangu nizaliwe, kimya, bila kusukumana, mpaka bi mkubwa aliyelalamikia magoti yake toka Pongwe. Machungwa kayaacha. Nikabaki peke yangu kule nyuma, hedifoni moja sikioni, nimefika kwenye darubini ya kulengea.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo jamaa yangu wa kahawa anapopakosea makusudi.

Askari akaweka mguu mmoja ndani ya gari. Mwingine dirishani. Wa mlangoni akanikazia macho akauliza polepole, "Mko wangapi?"

Sekunde hiyo hiyo, sikioni, shemeji anauliza: muuzaji ana darubini mbili za bei moja, moja imerekebishwa kwa yadi 100, nyingine kwa yadi 50, ipi ndiyo nzuri? Swali zuri hilo. Darubini za bunduki kubwa hurekebishwa kwa yadi 100 au zaidi, ukiifunga kwenye .22 na kupiga karibu, ukisogeza jicho kidogo tu ile alama ya msalaba inahama juu ya shabaha, na risasi inaifuata. Ya .22 inatakiwa irekebishwe kwa yadi 50. Basi mimi, namtazama askari usoni, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika na kazi yake, nikajibu:

"Hamsini."

Askari akaurudisha mguu nje.

"Hamsini?"

"Hamsini," nikasema, maana shemeji naye alikuwa hajasikia vizuri. "Mia waachie wengine."

Yaliyofuata hayana utamu. Nilishushwa, nikakalishwa chini, simu ikawekwa spika, shemeji akawasha video akaonyesha ukuta wa bunduki na muuzaji mwenye ndevu aliyepunga mkono. Nikaulizwa mara nyingi kama namiliki silaha hapa nchini, nikaeleza mara nyingi kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 naijua na sina hata manati. Abiria siwalaumu. Mji uliopitia yale ya Amboni Februari 2015, askari walipopambana na watu wenye silaha kule mapangoni, haupuuzi mtu anayepanga risasi kwa sauti kwenye gari. Konda ndiye nina neno naye: alisubiri getini mpaka naachiwa, akadai nauli yake kamili, na safari hatukuimaliza.

Shemeji kachukua Mark II na darubini ya yadi 50. Jana kaleta picha ya karatasi, risasi zimetawanyika hovyo, analia kaibiwa. Hajaibiwa. Skrubu mbili za chini zinazoshika mtutu kwenye kitako zimelegea, na hizo zikilegea hata CZ itatawanya. Akaze ya mbele, kisha ya nyuma, asizikaze mpaka mbao ibonyee, halafu apige tena tano. Kanipigia nimweleze. Nilikuwa kwenye foleni ya benki, nikakata.